Mabua Marefu ya Isambila

Tupokigwe alisimama katikati ya shamba la mama yake, mikono kiunoni, uso umemkunjamana. Mahindi yangekuwa na miguu yangekwisha kutimua mbio.

"Mama, hiki ni nini?"

"Mahindi," alijibu Mama Sekela, huku akiendelea kung'oa magugu.

"Mahindi ya wiki saba yananipita kichwa? Hebu angalia bua hili. Angalia, Mama!" Alilishika bua moja kwa vidole viwili na lote likamwinamia. Lilikuwa limepauka, jembamba kama mrija wa kunywea pombe ya kimpumu kilabuni. "Umebananisha tena. Mwaka juzi nilikwambia hatua moja kati ya shimo na shimo. Mwaka jana nikakwambia. Mwaka huu nikakuandikia kwenye karatasi nikaibandika mlangoni kwako!"

"Nimepanda hatua moja."

"Hatua ya nani? Ya kuku?"

"Mwee! Yangu mimi. Pima kama huamini."

Tupokigwe hakupima. Apime nini? Yeye ndiye mtaalamu wa taa wa miteremko yote miwili, huu wa Isambila alikozaliwa na ule wa Ikombole alikoolewa, ng'ambo ya kijito. Bua la namna ile alilijua kwa kulitazama tu. Lilikuwa bua lililobanwa na majirani, na mwenye kosa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye kichwa kigumu, ambaye kwa bahati mbaya ndiye aliyemzaa.

"Alhamisi Mkaguzi anakuja," alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Dirisha ni moja, Mama. Mkilikosa msimu huu itakuwa mara ya tatu. Unajua maana yake."

Mama Sekela aliijua. Kila aliyeishi chini ya Chandarua aliijua.

Chandarua kilitandazwa juu ya milima ile miaka thelathini iliyopita, jua lilipoanza kubabua majani ya migomba saa nne asubuhi na ng'ombe kuanguka malishoni. Kilishikiliwa na nguzo mia mbili za chuma. Kiliokoa watu na ng'ombe, na kwa hilo kila mtu alishukuru. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeyauliza mahindi.

Mmea haumwoni jirani yake. Unachofanya ni kusoma mabaki ya mwanga. Jani la kijani hula ule wekundu wa jua ulio wazi, na kuuacha upite wekundu mwingine, ule mzito ulio ukingoni kabisa mwa uwezo wa jicho la mtu. Watu wa Chandarua waliuita nuru ya kivuli. Mmea unaopata nuru ya kivuli kupita kiasi unajua kwamba kuna mtu amekwisha kusimama juu yake, au anakuja. Basi hausubiri. Unaacha mizizi, unasahau gunzi, kila ulichonacho unakimwaga kwenye bua na kukimbilia juu. Na kitambaa cha Chandarua, kwa kuwa kilikuwa cha bei nafuu, kilipitisha mwanga uliofanana kabisa na mabaki hayo. Mlima mzima ukaamini una jirani juu yake. Miaka ile ya kwanza mahindi yalisimama kama milingoti ya bendera, na watu walivuna mabua.

Dawa aliigundua Tupokigwe. Ndani ya jani mna kitu kidogo kama swichi: wekundu wa jua huigeuza huku, nuru ya kivuli huirudisha kule. Usiku kucha mmea hutenda kwa kufuata mwanga wa mwisho uliouona. Mchana mzima unaweza kuudanganya upendavyo. Neno la mwisho ndilo linaloaminiwa. Kwa hiyo alitengeneza taa za machweo. Dakika kumi za wekundu wa jua, giza linapoanza kuingia, basi, mahindi hulala yakiamini hayana jirani duniani, hukaa mafupi, hunenepa, huzaa. Mamlaka ya Chandarua ilizifunga kila mteremko, na zile za Isambila alizifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Ndiyo maana alikuwa na hasira. Taa zilikuwa zikiwaka. Kama taa zinawaka na mabua bado yanakimbia, basi mtu amebananisha. Siku ile ile, Jumamosi, aliandika hivyo kwenye ripoti yake ya mwezi, akaituma.

*

Jumatatu alasiri alirudi na utepe wa kupimia, si kwa sababu ana shaka, ila kwa sababu alitaka kumkomesha mama yake mbele ya namba. Akapima mstari wa kwanza. Hatua moja. Akapima wa tano, wa kumi na mbili, akahamia shamba la jirani. Kila shimo hatua moja, utadhani limepigiwa rula. Mama Sekela alikuwa kibandani akichambua maharage na hakumwuliza kitu, jambo lililomuudhi Tupokigwe kuliko kama angemcheka.

Akaamua kusubiri machweo. Alikalia jiwe karibu na kijito, akafungua kipimo chake cha mwanga, akakielekeza juu. Taa za Isambila zikawaka, mahindi yakavikwa wekundu, dakika kumi zikapita, zikazimika. Kipimo kilisoma vizuri kabisa. Hapakuwa na hitilafu yoyote, wala hapakuwa na cha kumlaumu mtu.

Alikuwa anakirudisha kipimo mfukoni mshale ulipocheza.

Alikitazama tena. Mshale ulikuwa umelala upande wa pili, upande wa nuru ya kivuli, umelala kabisa. Macho yake hayakuona kitu. Aligeuka taratibu, akatazama ng'ambo. Kwenye mpaka wa Ikombole palikuwa na taa nane za machweo zilizopaswa kutazama mahindi ya Ikombole. Zote zilikuwa zimegeuzwa shingo kuelekea Isambila, na ndani ya vioo vyake mlikuwa na wekundu hafifu, mzito, kama kaa linalokaribia kuzimika. Ziliwaka dakika tano, kisha zikafa.

Neno la mwisho. Kuna mtu alikuwa akiyanong'oneza mahindi ya mama yake kila jioni, taa za kwao zikishazimika, kwamba yamefunikwa na yakimbie.

Na Tupokigwe alimjua mtu huyo ni nani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Ilikuwa hivi. Watu wa Ikombole walipokosa jua walizishikilia mila kwa meno, hata zile ambazo bibi zao walikwisha kuziacha. Mojawapo ni mwiko wa mkwe. Mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake, hasemi naye, hakanyagi ua wake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini hata kama kuna siafu. Kwa hiyo Tupokigwe alipoitisha darasa la taa, Mzee Mwakatundu, baba mkwe wake na mwenyekiti wa mteremko, hakuingia. Alikaa nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, akasikiliza. Mwishoni akatuma swali kupitia mtu: je, mtu akiwasha nuru ya kivuli baada ya ile taa nyingine kuzimika, itakuwaje? Tupokigwe alifurahi mno. Swali la akili kama lile hakuwa amewahi kulipata hata chuoni. Akaugeukia ukuta, akaueleza kila kitu, dakika, pembe ya taa, hadi kioo cha kubadilisha. Angeuona uso wa muulizaji, huenda angejiuliza kwa nini anauliza. Lakini ukuta wa mianzi hauna uso.

*

"Baba Lugano, nani kageuza taa za mpakani?"

Ambilikile, mumewe, alikuwa na tonge la ugali mkononi. Alilitazama kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Mzee alisema."

"Mzee alisema, nani akageuza?"

"Mimi. Sasa ningefanyaje, Mama Lugano? Mzee amesema!"

"Yule kule ni mama yangu!"

"Najua."

"Alikuletea mchele ulipougua. Ulikula mchele wake huku mkono wako umemgeuzia taa?"

"Taa niligeuza baadaye," alisema Ambilikile, na mtu hakujua kama amechanganyikiwa au anadhani huo ni utetezi. Tupokigwe alitaka kulia, akajikuta anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

Asubuhi ya Jumanne Mzee Mwakatundu alikuja mwenyewe. Alikaa nje ya jiko, mgongo kwenye ukuta, naye Tupokigwe akakaa ndani, na katikati yao palikuwa na sufuria. Ndivyo walivyozungumza kwa miaka kumi na tisa, kila mmoja akiiambia sufuria imwambie mwenzake. Tupokigwe alikwisha kutoboa sufuria nne kwa kupikia, na kila mpya ilirithi kazi hiyo.

"Sufuria," alisema mzee, "mwambie mkwe wangu nasikia ana neno."

"Sufuria, mwambie Baba azizime taa za mpakani leo hii."

"Sufuria, muulize: madirisha ni mangapi?"

Dirisha lilikuwa moja. Kwa misimu minne sasa Mamlaka ilikuwa ikifungua sehemu ya Chandarua na kuuachia mmoja wa miteremko hii miwili saa mbili za jua halisi asubuhi, likiwa bado jua la kuvumilika. Mteremko wenye mahindi bora ndio ulipata. Uliokosa mara tatu ungefungwa, na watu wake kuhamishiwa mabandani huko bondeni.

"Moja," alisema Tupokigwe.

"Muulize tena: wajukuu zangu wanalala mteremko upi?"

"Sufuria, mwambie Baba hilo si jibu."

"Mwambie ni jibu. Sisi tumekosa mara mbili, wao mara mbili. Mmoja wetu anashuka. Yeye mwenyewe si ndiye aliyetufundisha? Jirani akija juu yako, hungoji. Unapanda juu."

"Nilikuwa nafundisha juu ya mahindi!" Tupokigwe alikuwa amesimama na sufuria mkononi, akiitikisa. "Sufuria, mwambie sisi si mahindi! Mwambie kupanda kwenyewe kunamaliza mmea, hauzai, unaanguka! Mwambie nililisema hilo nalo, au sehemu hiyo alisinzia?"

Alichungulia kwenye ufa wa mianzi akaona kigoda kitupu. Mzee alikwisha kuondoka, na hakuna sufuria iliyowahi kumkimbilia mtu.

Sanduku la swichi la taa za mpakani lilikuwa uani kwa mzee, limepigiliwa kwenye nguzo ya zizi. Kutoka mlangoni kwa Tupokigwe mpaka pale ni hatua themanini. Alizijua kwa sababu siku ile alizihesabu kwa macho mara kadhaa. Mke wa mtu hakanyagi pale.

Kumwambia mama yake je? Hilo alilifikiria pia, na hapa hakuna haja ya kumpamba. Aliwafikiria Lugano na Anyosisye, wanawe, wakibeba magodoro kwenda bondeni ambako watu hukohoa mwaka mzima. Akajiambia atazungumza na Ambilikile kwanza, Ambilikile azungumze na mzee. Ambilikile akasema ngoja kesho. Jioni taa nane zikanong'ona tena dakika tano. Alikaa jikoni na kukosha vyombo vilivyokwisha kukoshwa.

*

Jumatano saa nane mchana upepo ulishuka kutoka mlimani.

Haukuwa upepo mkali. Mahindi ya Ikombole, mafupi na manene, yalitikisa vichwa tu. Tupokigwe alikuwa juu ya ngazi akifuta kioo cha taa, na kutoka pale aliuona mteremko wa kwao wote. Mahindi ya Isambila yalilala. Hayakuvunjika kwa kishindo. Yaliinama mstari mmoja, kisha wa pili, kisha shamba zima kana kwamba kuna mtu anapitisha kiganja juu yake. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Aliwaona watu wakitoka majumbani na kusimama. Mmoja wao, mama yake, mdogo kwa umbali ule, mwenye kitambaa cheupe kichwani, hakusimama. Alipiga magoti papo hapo na kuanza kuinua bua moja moja.

*

Bwana Kahangwa, Mkaguzi wa Mamlaka, alifika Alhamisi saa tatu na buti zake za mpira. Alianza Isambila, akatembea kati ya mabua yaliyolala, akaandika. Kisha akavuka kijito kuja kutoa uamuzi uani kwa Mzee Mwakatundu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Wanawake walikaa nje ya ua, nyuma ya kiambaza cha mianzi. Tupokigwe alikaa nao, na aliweza kulisikia kila neno.

"Isambila," alisema Mkaguzi kwa sauti ya mtu aliyesema hayo mara nyingi, "mmebananisha. Mnapewa taa, mnapewa mafunzo, mnapanda kama mnaotesha miche ya mchicha. Si mimi ninayesema. Ni ripoti ya mtaalamu wenu, tena mzaliwa wenu."

Akaisoma. Maneno yalikuwa ya Tupokigwe, yote, hata lile la "ukaidi wa muda mrefu" ambalo siku ile alipoliandika alijiona amelipata kweli kweli. Mzee mmoja wa Isambila alijaribu kusema walipima kwa hatua. Mkaguzi akauliza hatua ya nani, na watu wakacheka.

Hapo kitu kilimkatikia Tupokigwe. Usidhani alipata ujasiri. Alichoka tu. Alichoka na sufuria, na ngoja kesho, na ukuta, na zaidi ya vyote alichoka na sauti yake mwenyewe ikisomwa kwenye karatasi. Akainuka, akakizunguka kiambaza, akaingia uani.

Wanaume waliguna kwa pamoja. Ambilikile alitazama chini. Mzee Mwakatundu alinyakua kofia yake na kujifunika uso, kwa hiyo aliyejificha sasa akawa yeye.

"Bwana Mkaguzi, ripoti hiyo ni yangu na si ya kweli. Sikupima. Nilipopima nilikuta hatua moja kila shimo." Alikuwa amefika kwenye nguzo ya zizi. Akafungua sanduku. "Saa ya taa huandika yenyewe kila zinapowaka. Soma. Taa nane za mpakani zinawaka baada ya zile za Isambila kuzimika. Vioo ni vya nuru ya kivuli. Siku ishirini na sita sasa."

Mkaguzi alisogea, akavaa miwani, akasoma.

"Nani ameamuru?"

Tupokigwe aligeuka. "Baba," alisema, bila sufuria, "utasema wewe au niseme mimi?"

Kofia ilishuka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemjengea mtu yule sura kubwa inayolingana na sauti, na sasa aliona mzee mdogo, mashavu yamebonyea, na masikio ya Ambilikile yaliyochomoza vile vile. Macho yake yalikuwa mekundu. Mzee naye alimtazama kana kwamba anamwona mgeni aliyelala nyumbani kwake bila yeye kujua.

"Mkamwana," alisema, na hilo lilikuwa neno la kwanza aliloelekeza kwake tangu siku ya harusi, "funga hilo sanduku."

Hakulifunga.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Ikombole imelikosa dirisha kwa mara ya tatu, kwa udanganyifu. Itafungwa msimu ukiisha. Dirisha litakwenda Isambila, kwa mabua yatakayokuwa bado yamesimama. Mkaguzi alipiga mhuri, akaomba maji ya kunywa, na hakuna aliyekwenda kumletea. Ambilikile alipita karibu na mkewe bila kumgusa.

*

Alivuka kijito peke yake. Mama Sekela alikuwa shambani, magoti yamejaa udongo, anafunga mabua matatu matatu kwa kamba za mgomba yasimame kwa kuegemeana. Alikuwa amefika mstari wa nne. Mistari ilikuwa sitini na moja.

"Mama, mmepata dirisha."

"Nimesikia. Wamepita wakiimba." Alikaza fundo kwa meno. "Kwa hiyo nilipanda hatua moja."

"Ulipanda hatua moja, Mama. Nisamehe. Ni taa za kwetu. Walikuwa wanayadanganya, yakarefuka. Nimewaambia wote, mbele ya Mkaguzi, mbele ya mkwe wangu mwenyewe."

"Ndaga, asante, mwanangu." Mama Sekela aliinua bua jingine, akalipangusa udongo kama anavyopanguswa mtoto aliyeanguka. Kisha akauliza, bila kugeuka, "Ulijua lini?"

Tupokigwe angeweza kusema leo. Hakuna ambaye angempinga.

"Jumatatu. Jioni."

Mikono ya Mama Sekela ilisimama.

"Jumatatu," alisema. "Ungeniambia Jumatatu, Jumanne ningewaita wenzangu tukapandishia udongo. Bua hata likiwa jembamba, ukilipandishia udongo linashika. Ni kazi ya siku moja. Tungemaliza kabla ya jua kuzama." Alisema polepole, si kwa hasira, kama mtu anayepanga kazi ambayo bado inawezekana. "Upepo ulikuja jana, Tupoki."

Tupokigwe aliinama achukue kamba ya mgomba asaidie kufunga. Mama yake akalivuta fungu la kamba upande wake, akaendelea na bua lililofuata.